Chhundo ya embe: ya juani au ya jikoni?

Gujarat, magharibi mwa India, kila msimu wa embe bichi, ubishi ni uleule: chhundo, achari tamu ya embe la kukunwa, ianikwe juani au ipikwe jikoni? Vipimo ni vilevile: kilo 1 ya embe gumu, chachu, lililomenywa na kukunwa, sukari kilo 1 na robo, kijiko cha chakula cha chumvi, kijiko cha chai cha manjano. Pilipili ya unga na bizari nyembamba iliyokaangwa huingia mwishoni.

Kwa ladha na sura, jua linashinda. Nyuzi za embe hubaki nzima, zinang'aa, na shira huwa angavu. Funika sufuria ya stili kwa kitambaa chembamba, anika siku 7 hadi 10, ingiza ndani kila jioni na ukoroge kwa kijiko kikavu. Gesi hutumii, ila mawingu yakitanda mfululizo shira hubaki nyepesi, itoe povu na kuchacha.

Jikoni ni kama nusu saa kwa moto mdogo, mvua inyeshe isinyeshe. Hatari iko dakika za mwisho. Poza tone, libane kati ya vidole viwili, achanisha: ukivutika uzi mmoja, epua hapohapo, maana itazidi kuwa nzito ikipoa. Ukichelewa, sukari huganda chembechembe na embe hukakamaa.

Kwenye kutunza zinalingana: chupa kavu kabisa, kijiko kisicho na maji.

Una paa lenye jua la kutwa na mtu wa kuangalia sufuria? Anika. Unaishi ghorofani, au wageni ni kesho? Washa jiko.