Wakala wa ajira za muda njia ya Mwenge: miezi 11, mikataba minne

Naona watu wengi wanauliza kuhusu hawa mawakala wanaotafutia watu kazi za muda, kama wanalipa kweli au ni matapeli, sasa mi niko na mmoja wao mwezi wa 11 huu na mkataba wa nne ndo unaendelea, ngoja niseme nilichokiona. Jina sitaji maana bado nakula kwao na sijaja hapa kumharibia mtu biashara. Ofisi yao iko njia ya Mwenge, kazini kwenyewe walikonipeleka ni Barabara ya Nyerere huko viwandani, ofisi ya stoo, naingiza invoisi na dilivari noti kwenye kompyuta kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja.

Nawapa nyota 3 kati ya 5. Hizo mbili nimewanyima kwa sababu ya neno moja wanalolisema sana, pamanenti, ntalielezea.

Nianze na mazuri kwa sababu yapo na wanastahili kusifiwa. Kwanza hawakunichaji hata shilingi. Fomu bure, kujiandikisha bure, na wamebandika karatasi kubwa mlangoni kwamba ukiombwa hela na mfanyakazi wao umripoti. Mtu anayekuambia utume elfu ishirini ya fomu ndo uitwe kazini huyo achana naye kabisa, mdogo wangu ameshalizwa hivyo mara mbili. Walichotaka ni CV, vivuli vya vyeti, namba ya NIDA, barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili, wakanikalisha kwenye kompyuta nusu saa nikafanya jaribio la Excel, siku ya tatu nikapigiwa simu.

Pili wanalipa. Kila mwezi hela inaingia kati ya tarehe 28 na tarehe 2, ilichelewa mara moja tu mpaka tarehe 6 na walitutumia meseji mapema kwamba mteja hajawalipa. Na slipu wanakupa. Mi mshahara wangu ni 450,000, inakatwa NSSF asilimia 10 yaani 45,000, inabaki 405,000, hapo kodi inaanza kukatwa kwenye kile kinachozidi 270,000 kwa asilimia 8 ambayo kwangu inakuwa 10,800, mkononi napata 394,200. Naandika hesabu yote kwa sababu kuna mawakala wengine watu wanakatwa na hawajui wanakatwa nini, we slipu yako ikikupa namba tofauti na hiyo hesabu uliza.

Hapo kwenye NSSF kulikuwa na shida. Mwezi wa nne nilienda mwenyewe NSSF kuomba statimenti nikakuta miezi miwili ya mwanzo haipo, wakati kwenye slipu nimekatwa. Nilirudi ofisini kwao siku hiyohiyo nikiwa na hasira mpaka mikono inatetemeka, dada wa mishahara akaangalia akasema namba yangu ya uanachama waliikosea tarakimu moja, ikachukua wiki tatu lakini ikarekebishwa na nikaiona. Kwa hiyo nawapa haki yao, walirekebisha. Ila nisingeenda nisingejua, na wenzangu wengi hawajawahi kwenda, jamani nendeni mkacheki, hiyo ni hela yenu.

Sasa kuhusu pamanenti.

Siku ya kwanza kabisa nasaini, aliyenipa mkataba aliniambia dada yangu hii ni miezi mitatu lakini ukifanya vizuri hawa jamaa wanachukua watu pamanenti. Hilo neno nililibeba kichwani kutoka Mwenge mpaka nyumbani Gongo la Mboto, nikamwambia mama mdogo ninayekaa kwake, nikampigia mama Morogoro. Miezi mitatu ikaisha. Nikaambiwa pumzika wiki moja utapigiwa, wiki haina malipo, simu nimeishika muda wote hata bafuni naingia nayo. Wakapiga. Mitatu mingine, tena wiki ya kupumzika, tena mitatu. Kila mkataba ukikaribia kuisha supavaiza kule kazini anasema jiandae majina yanaenda juu, na wakala nao ukiwapigia wanasema usihamehame utaharibu nafasi yako.

Na siwezi kusema ni uongo, hapo ndo pagumu. Kuna kijana wa stoo tuliyeanza naye karibu sawa yeye alipewa mwezi wa saba, namuona sa hivi ana kitambulisho chenye picha na kamba ya bluu, nilimpongeza kwa moyo wote na bado nampongeza, anajituma sana yule. Lakini yupo na dada mwingine ana mwaka wa tatu anaingia na kutoka mkataba kwa mkataba, ye ndo anatufundisha wote mfumo, mpaka hao pamanenti wapya amewafundisha yeye.

Sisi wa muda tunavaa kadi nyeupe yenye namba, mi ni 14. Jina linaandikwa kwa maka pen juu ya selotepu. Wiki ya kwanza niliigeuza kwenye mwanga nikaona chini ya jina langu kuna maandishi yamefutwa hayajatoka vizuri, jina la mtu mwingine, herufi tatu za mwanzo zinasomeka. Sijui alienda wapi, sikumuuliza mtu. Kila nikipitisha ile kadi getini namkumbuka huyo mwenye namba 14 wa kabla yangu, na namuombea popote alipo awe alipata.

Watu wanadhani ugumu wa kazi ya muda ni hela. Hela kama hivyo mnaona inalipwa. Ugumu ni kwamba huwezi kupanga kitu chochote kinachozidi siku zako za mkataba. Nilipata chumba na sebule Tabata, 120,000 kwa mwezi, kizuri, maji yapo, karibu na kituo, mwenye nyumba anataka ya miezi sita yaani 720,000 na nilikuwa nimeshaidunduliza karibu yote. Akaniuliza binti kazi yako ya kudumu? Nikasema ni ya mkataba. Wa muda gani? Mi mkataba ulikuwa umebakiza wiki tano. Ye mwenyewe angenipa, mzee wa watu hana tatizo, ni mimi nilishindwa, nikawaza nikilipa hii yote afu wiki ya kupumzika wasinipigie mi na mwanangu tutakula nini humo ndani. Nikarudi Gongo la Mboto. Mama mdogo hajawahi kunisema, ila mwanangu ana miaka mitano tunalala kitanda kimoja watu watatu na ameshaanza kuuliza kwetu ni wapi.

Na kingine kinachoniuma mpaka leo, mwezi wa nane niliitwa intavyuu sehemu nyingine, mkataba wa mwaka mzima, hela pungufu kidogo lakini mwaka mzima. Wiki hiyohiyo supavaiza akasema majina yanaenda, wakala wakasema tulia. Nikatulia. Sikwenda. Majina kama yalienda langu halikuwemo.

Baada ya hapo ndo nikaanza kuuliza sheria. Kuna kaka wa chama cha wafanyakazi alikaa na sisi saa ya chakula pale kwa mama ntilie nje ya geti (sisi wa muda kantini ya ndani hatuli), akatufafanulia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kwamba kutoongezewa mkataba kunaweza kuhesabika ni kuachishwa kazi kama ulikuwa na matarajio ya msingi kwamba utaongezewa, kifungu cha 36. Lakini kifungu cha 35 kinasema mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, ama kwa mkataba mmoja au zaidi, kinga ya kuachishwa isivyo haki haimhusu. Akatwambia zile wiki za kupumzika ndo zinaleta ubishi wa kuhesabu, kwa hiyo tutunze mikataba yote na tarehe zake, tutunze na meseji zote za jiandae utaongezewa, na mtu akiachishwa akitaka kulalamika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ana siku 30 tu. Pia likizo ya malipo, ambayo ni siku 28 kwa mwaka, hata kama kila mkataba wako ni mfupi, ukifanya zaidi ya mara moja ndani ya mwaka kwa mwajiri huyohuyo na jumla ikazidi miezi sita unastahili. Hilo nilikuwa silijui kabisa. Nililipeleka kwa wakala kwa maandishi, wakakaa nalo wiki mbili wakakubali kunilipa siku zangu, wakalipa. Ndo maana nasema sio watu wabaya, ukiuliza kwa karatasi wanajibu.

Ninachowaomba, na wakisoma hapa najua watajijua, ni kuacha kumwambia mtu pamanenti siku ya kwanza kama hamna cha kumuonyesha. Nilimuuliza meneja wao uso kwa uso, kwenye hiki kiwanda mmeleta watu wangapi mwaka jana na wangapi wamechukuliwa? Akasema hizo takwimu hatuna hapa. Basi zitafuteni, mmpe mtu karatasi, watu kumi wawili, au kumi hakuna, mtu mzima akishajua ataamua mwenyewe asaini au asisaini, alipe kodi ya miezi sita au asubiri, aende intavyuu au asiende. Mi ningejua ni wawili kati ya kumi bado ningesaini, nilikuwa na shida, lakini ile intavyuu ya mwezi wa nane ningeenda.

Sa hivi mkataba unaisha mwisho wa mwezi ujao. Nimeshaomba sehemu mbili, moja wameniita tayari Jumatano, na nilipoenda kwa wakala kuomba barua ya kuthibitisha nimefanya kazi kwao dada wa mapokezi aliichapa palepale, akagonga muhuri, akasema kila la heri dada.

Mnaotaka kwenda kujiandikisha nendeni kabla ya saa tatu asubuhi, na isiwe Jumatatu maana foleni inafika mpaka kwenye ngazi. Vyeti beba na orijino, vivuli peke yake wanakurudisha. Ukipewa mkataba omba kopi yako kabla hujatoka mlangoni, ukisema utaifuata kesho utazungushwa.