Uzoefu wangu na supamaketi ya mtaani kwetu, iliyofungwa

Nyota tatu kati ya tano, na usiende: mlango umefungwa, bango limeng'olewa, na ghorofa ya chini imekatwakatwa kuwa vibanda vya nguo, simu na kusuka nywele. Naandika kuihusu kwa sababu mtaani bado tunabishana. Wako wanaosema afadhali ilivyoondoka, ilikuwa inaua maduka ya watu wadogo. Wako wanaopita pale na kusonya. Mimi niko katikati, ila nimeegemea upande mmoja, na nitaeleza ni kwa nini.

Jina la kampuni nitalihifadhi. Tuko Eastlands, Nairobi, kati ya Outer Ring na Kangundo Road. Wasomaji wa huku wakianza kubahatisha watataja kampuni tofauti tofauti, maana si moja iliyotufanyia hivyo.

Haikuwa supamaketi ya kujivunia. Ghorofa mbili, ngazi nyembamba, kaunta za kulipia zimejipanga mstari lakini nusu yake hazina mtu, na bekari huko nyuma iliyotoa mkate wa moto kila jioni. Bei zake hazikuwa za chini kuliko zote. Sukari na mafuta ungepata nafuu kwenye duka la jumla, ukiwa na pesa za kubeba katoni nzima. Mboga zao zilikuwa za kusikitisha: sukuma wiki iliyokatwa tangu juzi, imefungwa na kunyauka, ilhali mama mboga amekaa hapo nje mlangoni anakukatia ya leo huku mkipiga soga. Kwa mboga hawakuwahi kumshinda hata siku moja.

Kilichonirudisha pale ni kile kikaratasi cha bei kilichobandikwa kwenye rafu. Mwalimu, kijana wa mkokoteni, mgeni aliyehamia jana, sote tulilipa bei moja na tukapewa risiti. Kwenye kioski unauliza bei, muuzaji anakutazama kwanza, halafu anataja. Ukituma mtoto, chenji inarudi ikiwa peremende. Sisemi wenye vioski ni wezi. Wengi wao nawajua, nao hununua bidhaa kwa bei ya mkono wa tatu. Lakini bei iliyo kichwani mwa mtu hubadilika mvua ikinyesha, na iliyo kwenye rafu angalau hungoja mpaka kesho.

Umuhimu wa jambo hilo ulionekana wazi wakati wa unga wa tisini. Mwaka 2017 ukame ulikausha mahindi, na pakiti ya kilo mbili ikapita shilingi 150. Mwezi Mei serikali ikaingiza mahindi kutoka nje na kutangaza kwamba pakiti hiyo iuzwe shilingi 90. Redioni tulisikia sote. Kwenye vioski unga huo ama haukufika kabisa, ama ulifika ukawa wa kunong'onezwa na bei yake si ile ya redio. Pale supamaketi foleni ilizunguka hadi stejini, kila mtu pakiti mbili na si zaidi. Soja wa mlangoni aliwatolea wazee viti, na kuna siku pakiti zilikwisha kabla zamu yako haijafika. Lakini ukizipata, unalipa tisini tisini. Tangazo la serikali lilikuwa na mahali pa kutua.

Sasa linganisha na Julai 2022. Pakiti imepita shilingi 200, serikali inatangaza ishuke hadi 100 kwa muda wa wiki nne hivi, na supamaketi yetu haipo tena. Unga wa mia tuliuona kwenye runinga. Waliotaka kuununua walipanda matatu asubuhi na mapema kwenda kutafuta supamaketi za mbali, na hata huko ulikuwa wa kugombania. Piga hesabu mwenyewe. Pakiti mbili zinakuokolea shilingi 200 hivi, nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu yake, na asubuhi yako imekwisha. Shosho, bibi mmoja anayeishi plot ya pili kutoka kwetu, aliniambia, "Mwanangu, huo unga wa bei ya chini ni wa watu wenye miguu." Alinunua kwenye kioski kwa bei ya kawaida, kilo moja moja.

Halafu kuna vitu ambavyo kioski hakiweki. Maziwa ya kopo ya mtoto mchanga ni mfano mkubwa. Kopo ni ghali, huuzika polepole, na mwenye kioski hawezi kufungia pesa zake humo. Baada ya supamaketi kufungwa ikawa ni kuyatafuta kwenye duka la dawa, bei imepanda na tarehe ya mwisho inakaribia. Nepi pia. Pakiti kubwa ya supamaketi ukiigawanya, kila nepi inatoka bei ya chini sana kuliko ile ya kununua moja moja kwenye kioski. Pedi za wasichana, vivyo hivyo. Mafuta ya kupikia ya kupimiwa, sukari ya robo, sabuni ya kukatiwa kipande: bei ya kadogo inakuwezesha kula leo, lakini ukijumlisha mwezi mzima, aliye na kidogo ndiye anayelipa bei ya juu kwa kila kilo kuliko mwenye gari anayejaza buti kule kwenye mall. Mimi nashona nguo nyumbani na pesa huja kwa vipande, kwa hiyo haya nayasema kwa daftari langu la matumizi.

Na kuna jambo dogo ambalo labda litachekesha: pale ungeweza kuingia na kuangalia tu. Shosho yule ana sukari mwilini. Alikuwa akizunguka na mkongojo wake, anachukua pakiti, ananipa nimsomee kilichoandikwa ubavuni, anairudisha, anachukua nyingine. Jaribu kufanya hivyo kwenye dirisha la kioski lenye vyuma, na watu watano nyuma yako.

Sasa niwape wenye vioski haki yao. Supamaketi haikuwahi kumkopesha mtu hata pakiti ya maziwa. Machi 2020, kafyu ya korona ilipoanza, ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na vibarua vikakatika, waliolisha mtaa huu ni wenye vioski na madaftari yao ya deni. Kuna madeni ya wakati huo ambayo hayajalipwa hadi leo, na wenyewe wamenyamaza. Kwa hiyo mtu akiniambia duka kubwa halina utu, simkatalii. Ninachosema ni kwamba mtaa unahitaji vyote viwili, na sisi tumebaki na kimoja.

Kwenye jinsi supamaketi yetu ilivyokufa ndipo nataka msomaji wa mtaa mwingine atulie.

Haikufa kwa kukosa wateja. Jumamosi za mwisho wa mwezi usingepata pa kusimama. Biashara hizi huendeshwa kwa mali ya wenzao: msambazaji analeta maziwa, unga na sabuni kwa mkopo, analipwa baada ya siku 60 au 90, huku sisi tunalipa taslimu au kwa M-Pesa papo hapo. Miezi hiyo yote pesa ziko mkononi mwa supamaketi. Kampuni yenye nidhamu huzitunza. Yenye tamaa huzichukua na kufungua tawi jingine, kisha jingine, na mauzo ya tawi jipya yanalipia madeni ya lile la zamani. Ikitokea miezi mibaya, msambazaji hapati chake, anasimamisha gari lake, rafu inabaki wazi, mteja haendi, na pesa za kumlipa msambazaji hazipatikani tena.

Kenya tumeitazama filamu hiyo mara nyingi mno. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa mwaka 1975 kwa pesa za mashirika ya serikali, ilifunga milango 2006 kwa madeni, ikafufuliwa, ikarudi kuzama kule kule. Nakumatt ilianzia kwenye kuuza magodoro kule Nakuru, ikafikia matawi zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Januari 2018 mahakama iliikabidhi kwa msimamizi ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe. Matawi sita ya mwisho yalinunuliwa na supamaketi nyingine, Naivas, kwa shilingi milioni 422. Yetu haikuwa na ukubwa huo, lakini ugonjwa ulikuwa mmoja.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza ilikosekana aina moja ya maziwa, ile inayopendwa. Mhudumu anakwambia, "Gari halijafika." Halikufika tena. Kisha rafu zikaanza kujazwa kwa ujanja: karatasi za chooni na maji ya chupa vimepangwa safu moja mbele, ukipitisha mkono nyuma hakuna kitu. Friji ya nyama ikazimwa, wakaweka ndoo za plastiki ndani yake. Ghorofa ya juu ikafungwa "kwa marekebisho". Mkate uliendelea, kwa sababu walioka wenyewe, hadi siku bekari nayo ilipokosa unga. Wahudumu walikuwa vijana wa hapa hapa, wengi wao ile ndiyo kazi yao ya kwanza yenye hati ya mshahara na makato ya NSSF, yaani akiba ya uzeeni. Nao wakaanza kuomba nauli kwa wateja wanaowajua. Mshahara ulikuwa umekwama.

Asubuhi moja tukakuta karatasi mlangoni: imefungwa kwa muda ili kuhesabu bidhaa. Bidhaa gani? Wiki hiyo hiyo lori la madalali lilifika, mwenye jengo akidai kodi yake, wakabeba rafu, friji na hata vile vikapu vya magurudumu. Hakuna aliyetoka kuzungumza na mtaa. Wahudumu walipata habari kwa simu, wengine kwa kuona lori.

Nyota mbili nilizoondoa ziliondokea hapo. Moja ni ya wahudumu wale. Nyingine ni ya kadi ya pointi. Nilikuwa nimeweka pointi za kutosha kununulia shopingi ya Krismasi, na kwa majuma ya mwisho kila nikitoa kadi jibu lilikuwa "sistimu iko chini". Sistimu ya kupokea M-Pesa haikuwahi kuwa chini. Jirani yangu alikuwa na vocha za zawadi alizopewa kazini, nazo zimekuwa alamisho za Biblia. Kampuni ikianguka hivyo, mwenye dhamana hulipwa kwanza, yaani benki. Mwenye vocha husimama mwisho wa foleni pamoja na msambazaji wa mayai, na huko nyuma kwa kawaida hakufiki kitu.

Kwa hiyo wewe ambaye mtaa wako una supamaketi moja tu, ukiona karatasi za chooni zimechukua rafu ya mafuta, nenda ukatumie pointi na vocha zako wiki hiyo. Usingoje Krismasi.

Majirani wa duka nao waliumia. Mama wa chipsi aliyekuwa ng'ambo ya barabara alihama, kwa sababu wateja wake walikuwa wale wanaotoka na mifuko. Wakala wa M-Pesa alipunguza saa. Wa bodaboda walihamia stejini. Mama mboga bado yupo, lakini anasema mauzo yameshuka, na huyo ndiye tuliyeambiwa kwamba supamaketi inamuua. Watu walipanda kununua unga, wakishuka wanachukua nyanya kwake. Ndivyo ilivyokuwa.

Sasa kuna duka la kujihudumia la ukubwa wa kati mwishoni mwa barabara. Nimelijaribu. Lina mwanga, lina nepi, halina maziwa ya kopo, na nusu ya rafu hazina bei. Unafika kaunta ndipo unajulishwa. Nililalamika, mwenyewe akacheka kwa upole, "Mama, si uniulize tu." Nyota mbili na nusu, na hiyo nusu ni kwa sababu anafungua mapema.

Atakayekodi lile jengo siku moja akivunja vibanda vile, sina masharti makubwa. Asituletee sakafu ya kung'aa. Mboga amwachie mama mboga, au anunue kwake. Auze unga wa kilo moja na wa nusu kilo kwa bei isiyomwadhibu mnunuzi mdogo. Abandike bei kila rafu. Alipe wasambazaji wake kwa wakati, maana wao wakigoma ni sisi tunaokosa maziwa. Kadi ya pointi asinipe. Anipunguzie shilingi hizo hapo hapo kwenye kaunta.