Balbu, swichi na plagi janja nyumbani kwangu Mtwara: kipi nimekipenda, kipi bado nakitafuta

Saa nane na nusu usiku umeme ulirudi, chumba kizima kikawaka kama ukumbi wa harusi. Ulikuwa umekatika saa sita, tumeshalala, na balbu janja nilikuwa nimeizima kwa simu mimi mwenyewe. Yenyewe inajua jambo moja tu: umeme ukirudi, waka, nyeupe, nguvu zote. Mtoto akaamka. Nikapapasa simu niizime, kumbe rauta nayo ndiyo kwanza inajiwasha, waifai hamna. Nikainuka nikaenda ukutani kubonyeza swichi ya siku zote. Hiyo ilinisikia.

Vitu vyenyewe ni vitatu: balbu moja ya wati 9, swichi ya ukutani ya vitufe viwili, na plagi ya kuchomeka kwenye soketi ambayo inapima umeme. Nilivinunua Februari 2024 kwa mtu wa Kariakoo, vikaja kwa basi, jumla na pesa ya mzigo Sh 118,000. Chapa sitaji, maana vingi vya bei hii vinafanana tumboni na vinaendeshwa na programu ile ile ya simu. Kuviunganisha kulinichukua saa nzima kwa ujinga mmoja: vinataka waifai ya masafa ya gigahezi 2.4, simu yangu ilikuwa imeshika ya gigahezi 5.

Balbu ilinikorofisha kabla hata haijawaka. Ilikuja ya skruu, holda zangu zote za pini. Holda mpya ni Sh 2,000, hiyo si kesi. Kesi ni kwamba balbu janja inataka swichi ya ukutani ikae imewashwa saa zote, la sivyo simu haiioni. Sasa mweleweshe hilo mama yangu mzazi, aliyekuja kutoka Newala kutibiwa macho akakaa nasi miezi miwili. Mama hatoki chumbani bila kuzima taa. Nikibandika selotepu juu ya swichi, anaibandua, anazima. Siku moja nikamwonyesha kwenye simu: unagusa hapa, taa inazimika. Akatazama, akaniuliza, "Kwa hiyo siku hizi na taa inapigiwa simu?" Nilikosa la kusema, na simu yenyewe ilikuwa na chaji asilimia nne.

Baadaye nilikuja kujua kuna kipengele cha kuchagua umeme ukirudi kifaa kifanye nini: kiwake, kizimike, au kikumbuke kilivyokuwa. Plagi yangu inacho, balbu haina. Kwa sisi ambao umeme unaondoka na kurudi bila hodi, kipengele hicho kinashinda hizo rangi milioni 16 zilizoandikwa kwenye boksi. Rangi tulizitumia usiku mmoja tu, wa Idi. Tuliweka kijani.

Swichi ndiyo iliyonipa shule. Nilimwita fundi wangu, akafungua kifuniko, akachungulia na testa mdomoni, akasema, "Mama Nasra, hapa niutro hamna." Nyumba zetu nyingi zimefungwa waya hivyo: moto, yaani waya unaoleta umeme, unashuka ukutani hadi kwenye swichi, unapanda kwenye taa kwa waya wa pili, na niutro, waya wa kuurudisha umeme, inaishia huko huko darini. Swichi ya kawaida haina shida, kazi yake ni kukata moto na kuuunga. Hii janja ina kompyuta ndogo ndani inayokula umeme muda wote, hata taa ikiwa imezimwa, na umeme huo lazima upate njia ya kurudi.

Bahati nzuri yangu inakubali kufungwa hata bila niutro. Inachofanya ni kupitisha umeme kidogo sana kwenye taa yenyewe. Enzi za balbu za wati 60 usingegundua kitu. Kwa taa ya LED ya wati chache umeme huo unajikusanya, taa inameta, inazimika, inameta tena, usiku kucha. Ndiyo maana kwenye boksi wanaweka kapasita ya kufungwa sambamba na taa, umeme huo upitie pembeni. Fundi alikuwa ameshaitupa pamoja na makaratasi. Tuliiokota jalalani kwa tochi, akaifunga, taa ikatulia.

Ila boksi la ukutani lilikuwa fupi kwa ndani na swichi ina kitumbo nyuma, ikabidi achonge ukuta. Mule ndani tulikuta mayai mawili ya mjusi, na skrubu za zamani zimeota kutu ya kijani, maana nakaa Shangani na baharini ni dakika tatu kwa mguu. Nilimlipa Sh 25,000 kwa kazi ambayo kwa swichi ya kawaida ni dakika tano.

Plagi, sasa, sina ugomvi nayo hata kidogo. Niliichomekea friji na kesho yake nikasoma yuniti 2.1. Tuko daraja la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambao huuziwa kwa bei ya chini, na 75 ukigawa kwa siku 30 ni 2.5 kwa nyumba nzima. Kumbe friji peke yake lilikuwa linakaribia kuzimaliza, na mimi nagombana na watoto kwa sababu ya tivii! Raba ya mlango ilikuwa imelegea, karatasi unaipitisha mlango ukiwa umefungwa. Nikabadilisha raba, ikashuka hadi 1.3. Plagi ilikuwa Sh 35,000 na ilishajilipa zamani. Onyo moja: imeandikwa ampea 10. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,200 kwa volti 230 linafika 9.6. Nilijaribu mara moja, plagi ikapata moto wa kushika na kuachia. Sirudii.

Halafu ikaja Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilikuwa kimeshapita na mvua zake, barabara ya Dar imekatika. Jumapili ya tarehe 12, nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikawa ya kusuasua siku kadhaa. Umeme upo, waifai ya ndani ipo, lakini simu inazungusha tu. Ndipo nikaelewa kwamba amri yangu ya kuzima taa ya sebuleni, mita nne kutoka nilipokaa, ilikuwa inavuka bahari kwanza halafu inarudi. Kilichoniokoa ni kwamba swichi ina kitufe cha kubonyeza kwa kidole.

Kwa hiyo ninachokitamani si kikubwa. Nataka swichi ambayo ni swichi kwanza: mgeni aingie, abonyeze, taa iwake, asiulize. Ikumbuke hali yake umeme ukirudi. Isemezane na simu humo humo ndani ya nyumba, hata bando likiisha. Matter, mfumo wa pamoja wa vifaa janja vya chapa mbalimbali uliotoka 2022, unaruhusu hilo, ila bei niliyotajiwa ilikuwa zaidi ya mara mbili ya hii yangu. Soketi ya ukutani ya ampea 13 yenye kipimo ndani yake ningeinunua kesho.

Na feni jamani! Mtwara hii, Novemba hadi Machi, anayekunyima usingizi si taa, ni joto. Swichi ya kuwashia taa usiifungie feni ukidhani itakupunguzia mwendo, inajua kuwasha na kuzima basi. Nimeona regulata janja za feni za soko la India, zenye hatua nne au tano. Hiyo ndiyo naitafuta: saa tisa alfajiri joto likipungua, feni ishuke hadi moja bila mimi kuamka.

Mwenye ndugu Marekani anayetaka kumletea zawadi za namna hii amwambie asome maandishi ya nyuma. Kule ni volti 120, kwetu 230, na kilichoandikwa 100–240 ndicho cha kuletwa. Swichi zao pia ni za mstatili, maboksi yetu mraba.

Swichi imebaki sebuleni, plagi haitoki kwenye friji. Balbu nilimpa mama aondoke nayo Newala, pamoja na holda yake. Kule kwake waifai hakuna. Anaiwasha ukutani, anaizima ukutani, na anasema ni taa nzuri sana.