Sola, hita au sufuria ya presha: kipi kitakurudishia pesa Nairobi?

Kabla hujampigia fundi wa sola, fungua ujumbe wa tokeni za mwisho ulizonunua. Gawa pesa ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi ya stima, kodi na tozo zikiwemo. Hapa nitatumia shilingi 28 kwa yuniti. Wewe weka yako. Kisha chukua bei ya kifaa, ugawe kwa akiba ya mwezi, upate miezi ya kurudisha pesa.

1. Balbu za LED. Ya wati 9 badala ya ile ya zamani ya wati 60, ikiwaka kwa muda wa saa tano kila usiku, huokoa kama shilingi 210 kwa mwezi. Wengi tayari wanazo, kwa hiyo tusonge.

2. Sufuria ya presha ya umeme. Kwa mpangaji wa Umoja au Roysambu, hii ndiyo bora: ukihama, unahama nayo. Githeri au maharagwe huiva bila kumaliza yuniti moja, yaani chini ya shilingi 28. Linganisha na makaa yanayoteketea mchana kutwa kwa chungu hichohicho. Ila kama wewe ni mtu wa chapati na mayai, baki na gesi. Akiba iko kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu.

3. Hita ya maji ya sola. Kama nyumba ni yako, mimi ningeanza hapa, maana bafuni ndiko tokeni zinakoishia. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 ikitumika dakika kumi hula karibu yuniti 0.9. Watu wanne, kila siku, ni yuniti 110 kwa mwezi: zaidi ya shilingi 3,000 za kuoga tu! Tena ukizidi yuniti 100 kwa mwezi, unaingia daraja la bei ya juu zaidi. Tuseme hita imekugharimu shilingi 120,000 na inaokoa 2,500 kwa mwezi, kwa sababu Julai mawingu yakitanda bado utawasha stima. Ni miaka minne. Mkioga wawili tu, muda huo unakuwa mara mbili.

Angalia pia maji. Hita nyingi hutegemea tangi lililo juu yake, na mgao ukichelewa tangi likakauka, hakuna maji ya moto. Ya kisima yenye chumvi huacha utando mgumu ndani ya mirija. Hapo dai aina ambayo maji ya kuoga hayapiti kwenye paneli.

4. Sola kamili na betri. Kilowati moja ya paneli hutoa takriban yuniti 4 siku ya jua, lakini familia nyingi hazipo nyumbani mchana. Umeme huo lazima uwekwe kwenye betri, na betri ndiyo inayopandisha bei. Za asidi huchoka baada ya miaka michache, kabla hazijajilipa. Za lithiamu hudumu zaidi. Anayefanya kazi nyumbani, au ambaye stima ikipotea biashara inasimama, ana sababu nzuri ya kununua. Kwa akiba ya tokeni pekee, subiri.

Ukiamua, omba kuona leseni ya fundi ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, kabla ya kulipa chochote, na umwambie aandike kwenye kotesheni yuniti anazotarajia kwa siku mwezi wa Julai, si Januari.