Beseni la Langmuir la vizuizi viwili: uzoefu wangu

Hili ni beseni dogo la teflon, eneo la sentimita za mraba 240, lenye vizuizi viwili vya Delrin (plastiki ngumu) vinavyosogea juu ya maji, na mizani ya Wilhelmy, inayopima shinikizo la uso kwa kibamba chembamba kinachoning'inia kikigusa maji. Linabana molekuli zinazoelea juu ya maji mpaka zijipange zenyewe kuwa utando wa unene wa molekuli moja.

Beseni lenyewe sina neno nalo. Teflon hailowi, hivyo maji yanavimba kidogo juu ya ukingo bila kumwagika. Delrin inalowa, ndiyo maana utando haupenyi kirahisi chini ya vizuizi.

Kabla ya yote, bana maji matupu. Shinikizo la uso, yaani kiasi ambacho vitu vinavyoelea vimepunguza mvutano wa uso wa maji, likipita 0.3 mN/m (milinewtoni kwa mita), uso ni mchafu: nyonya kwa pampu karibu na vizuizi, ujaribu tena. Maji ya betri hayatoshi. Yanatakiwa yaliyosafishwa mpaka ukinzani wake wa umeme ufike megaomu-sentimita 18.2.

Kupima kama kifaa kinasema kweli, natumia asidi ya steariki (asidi ya mafuta), miligramu 1 kwa mililita ya klorofomu. Dondosha mikrolita 25, tone moja moja, ncha ya sindano ikikaribia kugusa maji, kisha subiri dakika 15 klorofomu iishe. Hapo una molekuli kama 5.3 × 10¹⁶. Bana polepole; sehemu iliyosimama wima ya mchoro wa shinikizo dhidi ya eneo, ukiirefusha hadi shinikizo sifuri, iangukie nanomita za mraba 0.20 kwa molekuli, yaani beseni likibaki na sentimita za mraba 106 hivi. Ikiangukia chini ya hapo, matone yamezama au utando unavuja. Ikizidi, shuku chupa: klorofomu imevukizwa na mchanganyiko umekolea kuliko unavyodhani.

Kibamba cha platinamu cha mizani, kilichokuja na beseni, kinachosha. Usipokichoma kikawa chekundu kabla ya kila kipimo, hakilowi sawasawa na namba zinatangatanga. Karatasi ya kuchujia ya upana wa milimita 10, iliyolowekwa ikalowa kabisa kabla ya kuweka sifuri, inafanya kazi vizuri kuliko hicho, na unaitupa ukimaliza.

Kifuniko kinauzwa kando, jambo la kuudhi kwa bei hii. Bila hicho vumbi linaingia, na kazi ikichukua saa nzima maji yanapungua, sifuri inahama.

Kuhamishia utando kwenye kipande cha kioo: kizamishe kwanza, ndipo udondoshe asidi, ubane hadi 30 mN/m, ukivute juu milimita 5 kwa dakika. Programu inayoshikilia shinikizo hilo inasukuma vizuizi kwa pupa, vinakwenda na kurudi. Punguza kasi yake kwenye mipangilio mpaka vitulie, la sivyo kioo kinatoka na michirizi.