Redio ya sola ya Birere: nimeipima kwa matangazo ya kusimamisha vita

Mwaka 2025 niliilipia dola 15. Muuzaji alianzia 20, tukabishana kidogo, akashuka. Ni redio ndogo inayoenea kwenye kiganja, ina kibao cha sola mgongoni, tochi kichwani, antena ya kuvuta, tundu la fulashi na la memori kadi, na kitufe chekundu cha kurekodi. Jina lililoandikwa mbele sijaliona kwenye redio nyingine yoyote, kwa hiyo naieleza kwa umbo lake. Ukishuka Birere, hapa Goma, mashariki ya Kongo, karibu kila duka la vyombo vya umeme linazo, nyeusi na nyekundu. Yangu ni nyeusi. Nauza maharage kwenye soko la Virunga, na tangu mapema 2025 redio hii inakaa mezani kwangu, kando ya gigozi, kopo langu la kupimia.

Niliinunua baada ya vita kuingia mjini mwishoni mwa Januari 2025. Umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikapotea. Tulikaa ndani tukisikia milio tu, bila kujua ni nani yuko wapi. Kwenye uwanja wetu ni papa mmoja tu, jirani wa nyuma, aliyekuwa na redio ya mawe, yaani ya betri, na watu wa nyumba zote walikuwa wanamfuata. Umeme uliporudi, nilishaamua kwamba habari ya vita haitapita tena nyumbani kwangu kwa kutegemea simu peke yake.

Sikuinunua kwa ajili ya muziki. Naipima kwa kazi moja: tangazo la kusimamisha mapigano likisomwa, je, nitalisikia lote, kwa Kiswahili, bila kukatika, na nitaweza kulirudia? Sisi wa soko tunaishi kwa matangazo hayo. Maharage yangu yanatoka Rutshuru na Masisi. Mtu akiniambia barabara imetulia na kumbe haijatulia, nimepoteza gunia, na dereva pengine amepoteza zaidi ya gunia.

Kwenye FM redio inafanya vizuri sana, na hapo ndipo pesa yangu ilipolipa. Radio Okapi inaingia safi hata ndani ya chumba cha mabati. Idhaa hiyo ilianza tarehe 25 Februari 2002, siku ileile mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City, Afrika Kusini, na sisi hapa tulikuwa bado tunatembea juu ya mawe ya moto ya Nyiragongo ya Januari ile. Inasoma habari kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kiluba na Kikongo. Nasikiliza pia RFI Kiswahili. Redio za upande wa Gisenyi, Rwanda, zinaingia bila shida, mpaka uko karibu mno, na nazisikiliza kwa makusudi, maana mazungumzo ya pande mbili huyaelewi kwa mdomo wa upande mmoja.

Masafa mafupi ni hadithi nyingine. Asubuhi na mapema unapata kitu, mchana ni makelele matupu. Antena yake ni nyembamba, na ukiivuta yote inalala upande. Nimeifunga waya wa shaba wa mita chache na kuupandisha hadi kwenye bati, ikaboreka. Aliyezoea Sauti ya Amerika kwa Kiswahili asiilaumu redio akikuta kimya: idhaa ile ilizimwa huko kwao Marekani katikati ya Machi 2025. Kwetu iliuma kwa sababu ya wakati wenyewe. Ilinyamaza siku chache tu kabla ya marais wa Kongo na Rwanda kukutana Doha, Katari, wakati tulipokuwa tunahitaji masikio mengi kuliko siku zote.

Sasa nifike kwenye kitufe chekundu, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike haya yote.

Ujumbe wa kusimamisha vita unafika sokoni kwa WhatsApp ukiwa umeshakatwa kichwa na miguu. «Vita imekwisha, wamesaini.» Nani amesaini? Kuanzia saa ngapi? Nani atakayeangalia kama wameacha kweli? Hayo matatu hayamo. Watu wa umri wangu hapa Goma tumeyajifunza kwa kuumia. Julai 1999, wakuu wa nchi walitia sahihi mkataba wa kusimamisha vita huko Lusaka, tarehe 10, Kongo na nchi tano nyingine zilizokuwa na majeshi vitani. Nilikuwa msichana, watu waliimba barabarani. Lakini waasi wa RCD, ambao ndio walikuwa wanautawala mji huu, walikuwa wanagombana wao kwa wao nani ashike kalamu, na sahihi yao haikufika mpaka tarehe 31 Agosti. Kati ya siku hizo mbili, mtu wa Goma alikuwa na amani ya kwenye karatasi isiyo na jina la mwenye bunduki aliyekuwa mbele yake.

Hilo likajirudia. Tarehe 23 Novemba 2022, mkutano wa Luanda, Angola, ulitoa amri mapigano yasimame kuanzia tarehe 25, saa kumi na mbili jioni. Machi 2023 Angola ikatangaza tena, tarehe 7, saa sita mchana. Tarehe 30 Julai 2024, mawaziri wa Kongo na wa Rwanda wakakubaliana hukohuko Luanda kwamba vita isimame saa sita usiku kuingia tarehe 4 Agosti. Mara ya kwanza na ya tatu M23, waasi walewale walioingia Goma Januari 2025, hawakuwa mezani. Walikuwa wanasema hadharani kwamba karatasi ambayo hawakuitia sahihi haiwafungi. Na hata saa yenyewe inahitaji kuulizwa: saa ya wapi? Luanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Kwa mtu anayepanga gari la maharage kupita kwenye mstari wa mbele, saa moja ni kitu kikubwa sana.

Ndiyo maana narekodi. Unabonyeza kitufe chekundu wakati habari inaendelea, taa ndogo inawaka, na sauti inaingia kwenye memori kadi. Ukimaliza unabonyeza tena. Hakuna zaidi ya hapo. Wateja wanakuja, mama wa meza ya mbele anakuja na kiti chake, motari wanazima pikipiki, tunarudia taarifa nzima mara mbili au tatu. Sauti inatoka kavu kidogo, lakini kila neno linasikika. Hakuna anayeondoka na nusu ya habari.

Nitatoa mfano wa majira ya Machi na Aprili 2025, kwa sababu ndipo redio ilipofanya kazi yake kubwa. Wakati ule tulikuwa tumeshasikia mengi. AFC/M23, yaani M23 na muungano wao wa AFC, walitangaza wenyewe kusimamisha vita kuanzia tarehe 4 Februari, na kesho yake mji mdogo wa Nyabibwe, Kivu Kusini, ukaanguka mikononi mwao, na kufikia tarehe 16 walikuwa ndani ya Bukavu. Tarehe 8 Februari marais wa Afrika Mashariki na wa SADC, nchi za kusini mwa Afrika, walikutana Dar es Salaam wakataka mapigano yasimame na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Kisha tukaambiwa tusubiri Luanda, tarehe 18 Machi, ambapo serikali na M23 wangekaa meza moja. Tarehe 17, baada ya Umoja wa Ulaya kuwawekea vikwazo baadhi ya viongozi wao, M23 wakasema hawaendi. Soko zima likainama.

Halafu jioni ya tarehe 18, bila mtu yeyote kutegemea, tukasikia Doha. Tshisekedi wa Kongo na Kagame wa Rwanda wamekutana mbele ya emiri wa Katari, Sheikh Tamim bin Hamad Al Thani, na taarifa ya nchi tatu inasema pande zote zimejitolea kusimamisha mapigano mara moja, bila masharti. Nilirekodi. Asubuhi tukairudia sokoni tukaiuliza maswali yetu. Nani amesaini? Ni taarifa ya Kongo, Rwanda na Katari, M23 hawamo. Saa ngapi? Haikutajwa. Nani ataangalia? Haikutajwa. Mwenzangu anayeuza mawese, ambaye mali yake inatoka upande wa Walikale, alikuwa ameshashika simu ampigie dereva apakie. Alisikiliza mpaka mwisho, akairudisha simu mfukoni. Jioni hiyohiyo ya tarehe 19, M23 waliingia Walikale-centre.

Simwambii mtu kwamba Doha haikuwa na maana. Nililia niliposikia marais wale wawili wamekaa pamoja, na sioni aibu kusema. Baada ya Desemba 2024, mkutano wao wa Luanda ulipovunjika siku yenyewe, tulikuwa hatutarajii tena. Nasema tu kwamba hatua ya kwanza ya mazungumzo ni hatua ya kwanza, na mtu wa kawaida ana haki ya kuipewa yote kama ilivyo ili apange maisha ya watoto wake. Tarehe 22 Machi M23 walisema watatoka Walikale, na mwanzoni mwa Aprili wakatoka kweli. Hilo nalo tulilisikia kwa redio hii kabla dereva yeyote hajafika na habari.

Tarehe 23 Aprili ndiyo niliyoihifadhi kwenye memori kadi ya pekee, na sitaifuta. Usiku ule serikali ya Kinshasa na AFC/M23 walitoa tamko la pamoja, kila upande ukalisoma kwa watu wake. Nikapata rekodi mbili, moja ya msemaji wa upande huu, nyingine ya upande ule. Tulizisikiliza moja baada ya nyingine, mwanangu wa sekondari akitufafanulia Kifaransa, na zilikuwa sawa. Walisema wanafanya kazi kuelekea kusimamisha mapigano, kwamba wanakataa maneno ya chuki. Safari hii, kwa swali la nani, tulikuwa na jibu: wenye bunduki wa pande zote mbili. Saa na msimamizi bado hazikuwamo. Msimamizi tulimsubiri mpaka tarehe 14 Oktoba, waliposaini Doha chombo cha kuhakiki, chenye wajumbe wa pande zote mbili na wa CIRGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wakisaidia, na Katari, Marekani na Umoja wa Afrika wakitazama. Karibu miezi sita hapo katikati watu waliendelea kufa, na kila wiki ya kuchelewa ilikuwa na vijiji vyake. Nawaomba wanaokaa mezani kule wajue kwamba sisi huku tunawasikiliza neno kwa neno.

Sasa kasoro. Sola haitoshi peke yake. Goma ina mawingu mengi, na ukiiacha juani siku nzima ya mawingu unapata usikilizaji wa saa moja au mbili. Ichaji kwa umeme ukiwepo, na sola uihesabu kama ya dharura. Kifuniko cha tundu la kuchajia ni cha mpira dhaifu, changu kimeshang'oka, na vumbi jeusi la hapa kwetu linaingia. Kitufe cha kutafutia idhaa kinaruka: ukigusa kidogo unapitiliza, na usiku unaweza kupoteza dakika nzima ya habari ukitafuta ulipokuwa. Ukiizima, saa yake inarudi sifuri, kwa hiyo rekodi zako zote zinapewa tarehe ileile ya uongo. Mimi kila rekodi naianza kwa sauti yangu: «Leo ni tarehe fulani, saa fulani, Goma.» Fanya hivyo na wewe, maana bila tarehe rekodi ya tangazo haina kazi. Tochi ni nzuri, lakini inakula betri haraka.

Sauti inatosha meza moja na watu kumi waliokaa karibu. Kwa kanisa au darasa, tafuta kubwa zaidi. Muuzaji aliniambia ina dhamana ya mwaka. Nilipoirudisha kwa ajili ya kile kifuniko hakukuwa na dhamana yoyote, basi usiilipie dhamana.

Naipa nne kati ya tano. Ile moja iliyopungua ni ya sola na ya saa. Kwa mtu aliye na ndugu upande wa pili wa mstari, kwa mwenye gari, kwa mama anayengoja barabara ya shule ifunguliwe, inunue.

Ukifika dukani, mwambie akufungulie mlango wa nyuma uone betri. Chukua ile inayotumia betri ya simu za zamani za Nokia, ya kuchomoa, siyo iliyochomelewa ndani, kwa sababu hiyo ya Nokia inapatikana kwenye kila kibanda cha simu mjini. Jaribu kitufe cha kurekodi hapohapo, kwa dakika nzima, kisha isikilize. Memori kadi uje nayo mwenyewe, wanazouza pale zinajaa upesi. Na uliza ya nyekundu kwanza, safari ya mwisho nilipopita walikuwa wanaiuza dola 13.