Seva ya Hifadhi ya Nyumbani: Kuunda Mwenyewe au Kununua Iliyo Tayari

Kwa familia nyingi za Arusha na Moshi ambazo picha na nyaraka zao zimetawanyika kwenye simu kadhaa, chaguo langu la kwanza ni seva iliyo tayari, yaani kisanduku cha diski kinachounganishwa na mtandao wa nyumbani ili wote wahifadhi faili humo, yenye nafasi mbili za diski, kama zile za Synology au QNAP. Ni ghali, tena mara nyingi huuzwa bila diski, lakini kinachonishawishi ni umeme: ikitumia takriban wati 20 pamoja na diski zake, itakula uniti 14 hivi za LUKU kwa mwezi, ilhali kompyuta ya mezani ya mtumba inayotumia wati 50 usiku na mchana hula uniti 36.

Kompyuta hiyo ya mtumba naiweka ya pili, na kwa mtu anayependa kujifunza ningeipandisha iwe ya kwanza, kwa kuwa programu za TrueNAS na OpenMediaVault, zinazoigeuza kompyuta kuwa seva, hupatikana bure, na pawa saplai ikiungua fundi huweza kupata nyingine kwenye kompyuta ya aina ileile. Omba ifunguliwe kabla hujalipa. Yangu nilipoifungua nyumbani, feni ilikuwa imevikwa vumbi jekundu hadi mapanga yake hayakuonekana, na ndani mlikuwa na nafasi ya diski moja tu. Ukishaifunga, iweke iwake yenyewe umeme unaporudi, la sivyo ukiwa safarini utampigia jirani simu aje abonyeze kitufe.

Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja, yenye diski za USB ni ya tatu. Inatosha kwa majaribio.

Katika diski usibane matumizi. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za WD Red ziliandika kwa mtindo wa SMR, yaani mistari ya data hulaliana kama vigae, ambao huzorota sana seva inapojenga upya data ya diski iliyokufa kwenye diski mpya. Kwa hiyo tafuta Red Plus au Seagate IronWolf. Diski mbili za terabaiti 4 zinazoakisiana hukupa terabaiti 4, si 8, na faili ukiifuta inafutika kote, hivyo bado unahitaji diski ya nje inayokaa kwa ndugu.

Fedha zisipotosha, anza na diski hiyo ya nje pamoja na UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), seva isubiri.